KAPTENI DREYFUS: MTU ALIYEHUKUMIWA NA WANAJESHI MARA MBILI

Hebu fikiri kwamba shule imefungwa, sisi tuko makwetu tukipalilia mahindi na kuchunga mbuzi, na huku nyuma ukumbi wetu umegeuzwa mahakama. Jukwaani, pale tunapoigizia michezo ya Chama, wameketi maafisa saba wa jeshi katika magwanda yao rasmi. Chini yao waandishi wa habari wamebanana kama dagaa. Mara mlango unafunguliwa, anaingia mtu mwenye miwani, amekonda, nywele zimeota mvi ilhali hajatimiza miaka arobaini, anatembea kama aliyesahau kutembea.

Ndivyo ilivyokuwa tarehe 7 Agosti 1899 katika mji wa Rennes, magharibi mwa Ufaransa. Ukumbi ulikuwa wa shule ya upili ya wavulana, na mshtakiwa alikuwa Kapteni Alfred Dreyfus. Alikuwa anashtakiwa mara ya pili kwa kosa lile lile, kwa sababu mahakama ya raia ilikuwa imeivunja hukumu ya kwanza ya wanajeshi. Hapo ndipo palipo na moto wenyewe. Je, jaji wa kiraia, mzee wa joho asiyejua hata kushika bunduki, ana haki gani ya kumwambia jenerali kwamba mahakama yake imekosea? Swali hilo liliitikisa Ufaransa kwa miaka 12, likagawanya watu hata mezani wakati wa chakula. Katika darasa letu jina la Dreyfus lilitajwa kwa sentensi moja tu, tukapita. Mimi nilibaki nalo, nikaenda maktabani, na haya ndiyo niliyoyapata.

Dreyfus alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1859 katika mji wa Mulhouse, jimbo la Alsace, mpakani mwa Ufaransa na Ujerumani. Alikuwa kitinda mimba katika familia kubwa ya Kiyahudi. Baba yake, Raphaël, alikuwa na kiwanda cha nguo, kwa hiyo njaa hawakuijua. Mwaka wa 1870 vita vikazuka baina ya Ufaransa na Prussia, Wafaransa wakashindwa vibaya, na Alsace ikatwaliwa na Wajerumani. Wenyeji waliambiwa wachague ama kuwa Wajerumani, ama kushika uraia wa Ufaransa. Akina Dreyfus walichagua Ufaransa. Kijana Alfred aliwaona askari wageni wakiingia mjini kwao, na tangu hapo moyo wake ukawa kwenye jeshi. Tafadhali likumbuke jambo hili, kwa maana mtu huyu alikuja kushtakiwa kwamba anawauzia Wajerumani siri, Wajerumani wale wale waliomnyang'anya kwao.

Masomo hayakumshinda. Mwaka wa 1878 aliingia chuo mashuhuri cha Paris, École Polytechnique, akatoka humo akawa afisa wa mizinga. Mwaka wa 1889 akawa kapteni. Mwaka uliofuata alimwoa Lucie Hadamard, binti wa mfanyabiashara wa almasi, wakajaliwa watoto wawili, Pierre na Jeanne. Akasoma tena katika chuo cha juu cha vita, na mwaka wa 1893 akapelekwa Makao Makuu ya Jeshi kufanya mazoezi ya kazi. Hakuwa mtu wa kupendwa haraka. Alikuwa mkakamavu, sauti yake kavu, hana mizaha, na hakuficha kwamba anajua anachokijua. Sote tunawajua wanafunzi wa aina hiyo. Zaidi ya hayo alikuwa Myahudi, na wakati huo chuki dhidi ya Wayahudi ilikuwa imeenea Ufaransa, magazeti mengine yakiishi kwa kuichochea.

Sasa sikiza jinsi balaa lilivyoanza. Katika ubalozi wa Ujerumani mjini Paris kulikuwa na mwanamke mfagiaji aliyekuwa analipwa kwa siri na idara ya ujasusi ya Ufaransa. Kazi yake ilikuwa kukusanya vikaratasi kutoka kapu la taka la mwambata wa kijeshi, Schwartzkoppen, na kuvifikisha kwa wenyewe. Septemba 1894 vikafika vipande vya barua iliyochanwa. Vilipoungwa, kumbe ni orodha ya siri za kijeshi ambazo mtu fulani anaziuza, mojawapo ikihusu breki ya mzinga mpya wa milimita 120. Haikuwa na sahihi wala tarehe. Wakuu wakasema lazima awe afisa wa mizinga, tena aliyepitia idara mbalimbali za Makao Makuu. Wakapekuapekua majina, wakafika kwa Dreyfus, wakatazama mwandiko wake, wakaona unafanana kidogo. Yakaisha hapo.

Tarehe 15 Oktoba aliitwa ofisini asubuhi, aje amevaa kiraia. Meja du Paty de Clam, aliyejifanya ameumia kidole, akamwomba amwandikie barua, akamsomea maneno yaliyotoka katika ile orodha. Alitarajia mkono wa Dreyfus utetemeke. Halafu akamtia mbaroni palepale. Bastola iliwekwa karibu, na maana yake ilieleweka: ajimalize, kesi iishe. Dreyfus akakataa. Alisema ataishi athibitishe kuwa hana hatia.

Wataalamu wa mwandiko hawakuafikiana. Ndipo akaletwa Alphonse Bertillon wa polisi, mtu aliyesifika kwa kupima viungo vya wahalifu ila mwandiko haukuwa fani yake. Yeye alieleza kwamba pale hati zinapofanana ni kwa sababu Dreyfus ndiye aliyeandika, na pale zisipofanana ni kwa sababu Dreyfus aliugeuza mwandiko wake kwa makusudi ili asijulikane. Ukimtazama mtu kwa jicho hilo, atatokea wapi?

Mahakama ya kijeshi ilikaa kuanzia tarehe 19 hadi 22 Desemba 1894, milango imefungwa, majaji saba, wote maafisa. Wakili wake Edgar Demange alijitahidi sana, na ushahidi ulikuwa mwembamba kama uzi wa buibui. Waziri wa Vita, Jenerali Mercier, aliliona hilo. Akafanya jambo ambalo ndilo mzizi wa habari hii yote. Majaji walipojitenga kwenda kukata shauri, waliletewa bahasha yenye stakabadhi za siri. Mshtakiwa hakuziona. Wakili wake hakuziona, wala hakujua kwamba zipo. Mojawapo ilikuwa barua iliyomtaja mhuni fulani ambaye jina lake linaanza kwa herufi D. Majaji wakasoma, wakarudi, wakamtia hatiani kwa kauli moja.

Mimi si mwanasheria, lakini hata katika baraza la viranja mtu huelezwa anashtakiwa nini na ni nani aliyemwona. Mwaka mmoja nikiwa kidato cha pili niliwahi kuadhibiwa kwa jambo ambalo ushahidi wake sikuonyeshwa mpaka leo, na ilikuwa adhabu ya kufyeka nyasi siku mbili tu. Uchungu wake bado naukumbuka. Dreyfus alipewa kifungo cha maisha uhamishoni na kuvuliwa cheo hadharani. Hakunyongwa kwa sababu Ufaransa ilikuwa imeondoa adhabu ya kifo kwa makosa ya kisiasa tangu mwaka wa 1848. Alikata rufaa katika baraza la rufaa, nalo pia lilikuwa la wanajeshi, na tarehe 31 Desemba likaitupa.

Tarehe 5 Januari 1895, katika uwanja wa École Militaire mjini Paris, mbele ya vikosi vilivyopangwa mistari, sajenti mmoja mrefu alimng'oa vifungo, tepe na alama zote za cheo, akachukua upanga wake akauvunja gotini. Dreyfus akazungushwa uwanja mzima huku nguo zimechanikachanika, akipaza sauti kwamba hana hatia, na umati nje ya ua ukiitisha auawe. Miongoni mwa waandishi wa habari waliokuwapo alikuwa Theodor Herzl, ambaye baadaye aliongoza harakati za kuwatafutia Wayahudi nchi yao. Mwaka wa 1903 Waingereza walimtolea Herzl ardhi katika uwanda wa Uasin Gishu, ndiyo hiyo hiyo Uasin Gishu yetu ya Eldoret. Haikuwa, lakini tazama jinsi dunia ilivyo ndogo.

Kisha akasafirishwa hadi Kisiwa cha Shetani, mwamba mdogo baharini karibu na pwani ya Guiana ya Kifaransa, Amerika ya Kusini. Alifika Aprili 1895. Alijengewa kibanda cha mawe cha mita nne kwa nne. Walinzi walimtazama usiku na mchana, na walikatazwa kumsemesha hata neno moja. Chakula alijipikia. Joto, mbu, homa. Septemba 1896 uvumi wa uongo ulipoenea kwamba ametoroka, alifungwa miguu kwa pingu za chuma kitandani kila usiku kwa zaidi ya mwezi mmoja, wadudu wakimtambaa naye hawezi kujigeuza. Akazungushiwa ua mrefu wa miti ili asiione bahari. Barua za Lucie zilikaguliwa, zikacheleweshwa, wakati mwingine akapewa nakala badala ya zile alizoziandika mkewe kwa mkono wake. Yeye alijifunza Kiingereza, akafanya hesabu, akachora michoro daftari zikajaa, akaandika tena na tena kwa wakubwa wake akiomba uchunguzi. Cha ajabu ni kwamba hakulilaani jeshi. Aliamini kabisa kwamba majenerali wakiujua ukweli watamrudisha. Masikini, hakujua kwamba baadhi yao wanaujua.

Naam, walikuwa wanaujua. Mwaka wa 1895 idara ya ujasusi ilipata mkuu mpya, Luteni Kanali Georges Picquart. Mwaka uliofuata, kutoka kapu lile lile la taka, vikaja vipande vya barua ndogo aliyoandikiwa Meja mmoja wa Kifaransa, Ferdinand Walsin Esterhazy, mtu wa madeni, kamari na wanawake. Picquart alipoona barua za Esterhazy, akaulinganisha mwandiko na ile orodha, akashtuka. Mwandiko ni mmoja. Akaifungua ile bahasha ya siri akitarajia ithibati nzito dhidi ya Dreyfus, asikute kitu. Picquart hakuwapenda Wayahudi, na haifai kumfanya malaika. Lakini alikuwa mkweli, akaenda kwa wakubwa. Wakubwa hawakufurahi. Alipelekwa mbali, hatimaye Tunisia, na naibu wake, Meja Henry, akaketi akatengeneza barua ya uongo yenye jina la Dreyfus ili kesi izidi kukaza.

Huku nyumbani, kaka yake Alfred, Mathieu Dreyfus, hakulala. Gazeti moja lilikuwa limechapisha picha ya ile orodha, na Mathieu akatengeneza nakala zikauzwa mitaani. Novemba 1897 dalali mmoja wa hisa aliitazama nakala akautambua mwandiko: ulikuwa wa mteja wake Esterhazy. Mathieu akamtaja Esterhazy hadharani. Jeshi likalazimika kumshtaki, tarehe 10 na 11 Januari 1898, mbele ya mahakama ya kijeshi. Majaji walijadiliana dakika chache tu wakamwachilia, na watu wakamshangilia barabarani. Siku mbili baadaye mwandishi wa riwaya Émile Zola akachapisha katika gazeti la L'Aurore barua ndefu ya wazi kwa Rais, iliyopewa kichwa J'accuse, yaani Ninashtaki, akiwataja majenerali kwa majina yao. Zilichapishwa nakala zaidi ya 200,000. Zola alishtakiwa kwa kashfa mbele ya mahakama ya raia, lakini jaji aliyeongoza alikataa kila swali lililogusa hukumu ya Dreyfus. Akahukumiwa mwaka mmoja, akakimbilia Uingereza.

Nataka msomaji alione hilo vizuri. Watu wengi hudhani kwamba mahakama ya raia ni lazima iwe na haki kuliko ya kijeshi. Sivyo. Mahakama iliyomhukumu Zola ilikuwa ya raia, yenye baraza la wazee wa raia, nayo ikaliogopa jeshi vilevile.

Mambo yaligeuka Agosti 1898. Kapteni mmoja, akichunguza stakabadhi usiku kwa mwanga wa taa, aliona kwamba barua ya Henry imeungwa kutoka karatasi mbili ambazo rangi ya mistari yake haifanani. Henry aliitwa na waziri, akakiri. Kesho yake, tarehe 31 Agosti, alikutwa amekufa seloni kwa wembe. Esterhazy akanyoa masharubu akatorokea Uingereza. Lucie Dreyfus akawasilisha ombi la hukumu kuangaliwa upya, na serikali ikalipeleka kwa mahakama ya juu kabisa ya raia, inayoitwa Cour de cassation, maana yake mahakama ya kuvunja hukumu.

Hapa kidogo nieleze, kwa sababu ndicho kiini. Hapa kwetu Kenya jambo hili limeandikwa waziwazi. Kifungu cha 169 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinaiweka mahakama ya kijeshi katika orodha ya mahakama za chini, pamoja na mahakama za mahakimu na za Kadhi, na askari aliyehukumiwa huko anaweza kukata rufaa katika Mahakama Kuu, mbele ya majaji wasiovaa magwanda. Ufaransa ya wakati ule haikuwa na mlango mpana hivyo. Rufaa ya kawaida ya mwanajeshi ilibaki jeshini. Kulikuwa na mlango mmoja mwembamba: likitokea jambo jipya, ambalo majaji wa kwanza hawakulijua na ambalo linaweza kuonyesha kwamba mtu hana hatia, basi Cour de cassation yaweza kuifungua kesi, hata kama ilisikizwa na wanajeshi. Mwanya huo ndio alioponea Dreyfus.

Tarehe 29 Oktoba 1898 kitengo cha jinai cha mahakama hiyo kilikubali ombi, kikaanza kuchunguza chenyewe. Majenerali, ambao hawakuwa wamezoea kuulizwa, sasa walikaa mbele ya wazee wa majoho wakajibu maswali. Desemba mahakama ikaamuru ile bahasha ya siri iletwe. Wakati huo jeshi lilikuwa limemweka Picquart rumande likitaka kumshtaki katika mahakama yake ya kijeshi; majaji wa raia wakaisimamisha kesi hiyo pia. Magazeti yakapiga kelele kwamba majaji wamenunuliwa na Wayahudi. Kisha Bunge likafanya kioja. Liliona kitengo cha jinai kinaelekea upande wa Dreyfus, likapitisha sheria tarehe 1 Machi 1899 ya kukinyang'anya kesi na kuipeleka mbele ya vitengo vyote vitatu vya mahakama pamoja. Ni kama kubadilisha refa katikati ya mchezo kwa kuwa kapuliza penalti usiyoitaka.

Wapi! Refa mpya naye aliona mpira ule ule. Jaji Ballot-Beaupré, aliyepewa kazi ya kuandaa ripoti, alikuwa mzee mtulivu asiyejulikana kuwa na upande. Alisoma makaratasi yote, akasimama mbele ya wenzake, akatamka kwamba ile orodha iliandikwa na Esterhazy. Hata karatasi yenyewe, nyembamba yenye mirabamiraba, ilikuwa sawa na ile aliyoitumia Esterhazy katika barua zake. Tarehe 3 Juni 1899 mahakama, vitengo vyote pamoja, ikaivunja hukumu ya mwaka wa 1894. Majambo mapya yalikuwa mawili: karatasi hiyo, na ile barua ya herufi D iliyopenyezwa kwa majaji, ambayo haikumhusu Dreyfus.

Lakini majaji wale hawakumaliza kazi. Walivunja hukumu, kisha wakaamuru Dreyfus ahukumiwe upya na mahakama nyingine ya kijeshi, huko Rennes. Labda walifanya hivyo kwa heshima, walitaka jeshi lijisafishe lenyewe. Hata wafuasi wa Dreyfus walidhani kwamba baada ya maneno yale hakuna afisa atakayethubutu. Ndipo akaletwa kwa meli ya kivita kutoka kisiwani. Mtu huyu hakujua lolote! Hakujua habari za Zola wala za Picquart, hakujua kwamba nchi nzima inapigana kwa jina lake. Mawakili wake walimweleza akiwa jela ya Rennes.

Sasa tumerudi katika ule ukumbi wa shule. Kesi ilichukua mwezi mmoja na siku mbili. Tarehe 14 Agosti mtu asiyejulikana alimpiga risasi mgongoni wakili Labori akielekea mahakamani. Alipona akarudi kazini. Jenerali Mercier alikuja akasema yale yale. Dreyfus mwenyewe aliwavunja moyo watu waliotaka machozi na vilio. Alijibu kwa sauti kavu, kijeshi, kwa kifupi. Wengine walimlaumu kwamba hafai hata kuigiza maisha yake mwenyewe. Mimi nadhani mtu aliyekaa zaidi ya miaka minne bila kusemeshwa ana haki ya kuwa na sauti ya aina yoyote. Tarehe 9 Septemba majaji watano dhidi ya wawili wakamtia hatiani tena, wakaongeza kwamba kuna sababu za kumpunguzia adhabu, wakampa miaka 10. Uhaini wenye sababu za kupunguziwa adhabu! Ni nani aliyewahi kusikia jambo kama hilo? Ilionekana wazi kwamba swali lililokuwa mbele yao lilikuwa kama wanaweza kumwaibisha waziri wao wa zamani, na hilo halikuwezekana.

Siku kumi baadaye Rais Émile Loubet akampa msamaha. Dreyfus, mgonjwa, akaukubali ili awaone watoto wake, na baadhi ya marafiki walimkasirikia. Lakini msamaha hupewa mkosaji. Yeye alitangaza siku ile ile kwamba ataendelea kutafuta kusafishwa jina. Mwaka wa 1900 Bunge lilipitisha sheria ya kuwasamehe wote waliofanya makosa kuhusiana na kesi hiyo, pamoja na walioghushi, ila halikumzuia Dreyfus kurudi mahakamani. Akangoja. Zola akafariki mwaka wa 1902, bado anangoja.

Mwaka wa 1903 mwanasiasa Jean Jaurès aliliamsha jambo hilo bungeni. Waziri mpya wa Vita, Jenerali André, akaamuru makabati yafunguliwe. Huko wakakuta barua ambayo herufi P ilifutwa ikaandikwa D, na nyingine ambayo tarehe yake ilibadilishwa ili imwangukie Dreyfus. Ombi likarudi Cour de cassation, likachunguzwa kwa zaidi ya miaka miwili. Na safari hii lilikuwapo swali zito kuliko la hatia yenyewe. Je, wakiivunja hukumu ya Rennes, wampeleke Dreyfus mbele ya mahakama ya tatu ya kijeshi?

Sheria ilisema kwamba kesi hairudishwi iwapo, baada ya hukumu kuvunjwa, hakuna tena kitu kinachoweza kuitwa kosa. Maadui wa Dreyfus walishika hoja hii: maadamu mshtakiwa yu hai, na orodha ile iliandikwa na mtu, basi kosa lipo, na wanajeshi ndio wa kuamua ni la nani. Tusiwadharau, ni hoja ya kisheria, na waliishikilia miaka mingi wakidai majaji walipindisha kifungu. Majaji walijibu kwamba ndiyo, kosa lipo, ila hakuna kilichobaki dhidi ya mtu huyu. Tarehe 12 Julai 1906 Ballot-Beaupré, sasa akiwa rais wa mahakama hiyo, alisoma uamuzi: hukumu ya Rennes imetolewa kimakosa, imevunjwa, na hairudishwi kokote. Ibandikwe hadharani mjini Paris na Rennes. Dreyfus alikuwa ametangaza kwamba hataki fidia ya pesa, hata senti.

Nimewauliza wenzangu bwenini kama majaji walifanya sawa, tukabishana mpaka taa zikazimwa. Mmoja alisema ni hatari raia kulifungia jeshi mlango. Nami namjibu hapa kwa maandishi: jeshi lilipewa nafasi mara mbili kumhukumu Dreyfus na mara moja kumhukumu Esterhazy. Mara zote tatu lilikosea. Kumrudisha mara ya nne kungekuwa kuwabembeleza majenerali kwa mgongo wa mtu mwingine.

Bunge lilimrudisha jeshini siku iliyofuata kwa cheo cha meja, na Picquart akawa jenerali. Julai hiyo hiyo ya 1906, katika ua wa École Militaire ile ile, alivishwa nishani ya Légion d'honneur. Hata hivyo miaka yake ya kifungoni haikuhesabiwa katika utumishi, hivyo wadogo zake walikuwa wamempita. Alistaafu mwaka wa 1907. Mwaka wa 1908, mwili wa Zola ulipohamishiwa Panthéon, mwandishi wa habari mmoja alimpiga Dreyfus risasi mkononi, na baraza la wazee wa mahakama likamwachilia mpiga risasi. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza alirudi kazini akiwa na miaka 54, akatumika hata mbele ya vita mwaka wa 1917, akafikia luteni kanali.

Alifariki mjini Paris tarehe 12 Julai 1935, miaka 29 kamili, siku kwa siku, tangu uamuzi wa mahakama. Alizikwa katika makaburi ya Montparnasse. Mjukuu wake Madeleine Lévy alikamatwa katika Vita Vikuu vya Pili akafia Auschwitz mwaka wa 1944, na jina lake limeandikwa juu ya kaburi hilo. Mwaka wa 2025 Bunge la Ufaransa lilipitisha sheria ya kumpandisha Alfred Dreyfus hadi cheo cha brigedia jenerali, cheo ambacho pengine angekifikia mwenyewe kama ile miaka ya kisiwani ingehesabiwa.